Hesabu ya Damu ya Mke Mdogo

Siku waliyoniaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba. Kila msemaji alisema nilikuwa mtumishi mtiifu. Nilikaa pale mbele kwenye kiti cha plastiki nikijiuliza wanamzungumzia nani. Baadaye vijana wa maabara wakaniomba niwaandikie juu ya kazi ya zamani: "Mambo ya kutia moyo, Mama Leokadia, ukurasa mmoja tu." Kuandika nimekubali. Ukurasa mmoja sitaki, na hilo la kutia moyo tutaona mbele ya safari.

Vyeo na mishahara naviruka, maana vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua. Majina ya wagonjwa na ndugu zao nimeyabadilisha, na nimesubiri mpaka wote wanaohusika wametangulia mbele ya haki ndipo nikashika kalamu. Kama yupo mjukuu atakayedhani amemtambua babu yake humu, na aje nyumbani Makanyagio alalamike. Nitampa chai. Neno sitafuta hata moja.

Nilishuka Mpanda kwa treni, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, nikitokea kozi ya wasaidizi wa maabara. Katavi wakati ule lilikuwa jina la mbuga na ziwa. Mkoa wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Sangu, Mfipa mrefu mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa laini kama kanga ya bibi. Alisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena.

"Tuliomba darubini," akasema, "wametuletea binti."

"Darubini haiwezi kukujibu, Mzee."

"Ndiyo maana niliitaka."

Akanipeleka kwenye sinki kuosha chupa, na nikaziosha mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Nilikuwa na hasira, nakiri, lakini hasira yangu ilizitakatisha zile chupa hata yeye akashindwa kupata la kusema. Ndipo akaanza kunifundisha, na alipoanza hakuacha mpaka alipostaafu.

Maabara ilikuwa chumba kimoja, dirisha lake likitazama wodi ya wanawake. Tulikuwa na darubini moja kuukuu yenye kioo cha kunasa jua, kwa hiyo siku ya mawingu malaria ilitusubiri. Damu tulizizungusha kwa mashine ya mkono, unakoroga mpini kama unasaga mahindi. Pipeti zilikuwa za kioo, tukizivuta kwa mdomo. Ninyi mnaokunja sura, jueni kwamba nimeonja kila asidi iliyoletwa wilaya hii, na bado ninaweza kutofautisha mchele wa Mpimbwe na wa kwingine.

Kitu chetu cha fahari kilikuwa mashine ya moto. Wafadhili fulani waliiacha baada ya kushindwa kuirudisha kwao. Ilipima sodiamu na potasiamu kwa kuzipulizia kwenye mwali wa gesi: sodiamu huwaka njano, kama chumvi iliyodondoka kwenye mkaa, na potasiamu hutoa zambarau hafifu ya aibu. Mtungi wa gesi ulikuja kwa treni, na treni ilikuja ilipopenda. Kwa hiyo tuliiwasha mara moja kwa wiki tu, na siku hiyo hospitali nzima iliiita siku ya moto. Kloraidi tuliipima kwa dawa ya zebaki, tone baada ya tone, mpaka maji yabadilike kuwa zambarau. Tone moja likizidi, unamwaga na kuanza upya. Baikaboneti, ambayo Mzee Sangu aliiita magadi ya damu, ilipimwa kwa matone vilevile.

Jambo jingine alilonifundisha halikuwa la chupa. "Majibu yana mlango mmoja," alikuwa akisema, "nao ni wa daktari. Mume akikuuliza, hujui. Mama mkwe akikuuliza, hujui. Padri akikuuliza, mwambie aungamishe watu, asiungamishe damu." Mji ulikuwa mdogo. Ukimwambia mtu jambo sokoni saa nne, saa sita unalisikia kanisani likiwa limeota ndevu.

Miaka ikapita. Muongo ukielekea ukingoni akaja Daktari Lwoga, kijana, mwembamba, mwenye tabia ya kuingia maabara bila kubisha hodi na kuuliza maswali kabla ya kusalimia. Mzee Sangu hakumpenda kwa wiki nzima, ambayo kwake ilikuwa muda mfupi. Siku moja daktari akachukua chaki, akaandika nyuma ya mlango wetu hesabu ambayo hatukuwahi kuiona.

Damu, alisema, ina chaji za chanya na chaji za hasi, na lazima zilingane, la sivyo tungepigana shoti kila tukisalimiana. Upande wa chanya tunapima sodiamu, iliyo nyingi kuliko zote. Upande wa hasi tunapima kloraidi na baikaboneti. Chukua sodiamu, toa kloraidi, toa baikaboneti. Kinachobaki ni vitu vya hasi ambavyo hatukuvipima, na kwa mtu mzima mwenye afya hubaki kumi na mbili hivi, mbili chini au mbili juu. Hicho kilichobaki akakiita pengo.

"Kwa hiyo tunahesabu tusichokipima," akasema Mzee Sangu.

"Ndiyo, Mzee."

"Hiyo ni kazi ya padri."

Lakini alisikiliza. Faida yake ilikuwa hii. Mwili ukiwa na asidi nyingi, magadi ya damu hupungua, na mgonjwa huhema kwa nguvu akijaribu kuitoa ile asidi kwa pumzi. Swali ni asidi imetoka wapi. Ikiwa imezalishwa au imeingia kutoka nje, kama kwa mwenye kisukari, mwenye figo zilizokufa au aliyekunywa spiriti mbaya, basi huja na mkia wake usiopimwa, na pengo hupanuka. Ikiwa hakuna asidi ngeni ila magadi yamevuja tu, kwa kuhara mfano, kloraidi huja kukalia kiti kilichoachwa wazi, na pengo hubaki lilivyokuwa. Namba tatu na kutoa mara mbili. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Tukaijaribu. Wa kuhara, pengo kumi na moja, kumi na tatu. Mzee mmoja wa kisukari aliyeletwa akihema, thelathini. Mzee Sangu akaacha kutaja mapadri. Siku ya moto akawa anatoa hesabu mwenyewe, akijifanya anakagua yangu.

Sasa nifike kwa mke mdogo. Nitamwita Skola. Alikuwa mke wa pili wa mkulima wa mpunga wa Kasansa, akaletwa juu ya lori akiwa hawezi kuinua kichwa, anahema kama aliyekimbia huku amelala. Walimleta watu watatu. Mumewe, mtu mpole aliyetazama chini kama aliyedondosha sindano. Kaka wa mume, Mzee Lauriani, aliyesema kwa niaba ya kila mtu. Na mke mkubwa, Mama Yustina, na sufuria zake.

Wauguzi walimwona Skola akisaidiwa kwenda chooni kila mara, na kinachotoka ni majimaji. Wakasema kuhara. Kifua chake kilikuwa safi, malaria sikuiona. Wakamwekea dripu ya maji ya chumvi, tuliyokuwa tukiitengeneza wenyewe pale hospitali, chupa baada ya chupa. Mtu wa kuhara akipewa maji yale hufufuka unamwona. Huyu alizidi kuhema, na miguu ikazidi kulegea.

Mzee Lauriani hakuhitaji maabara. Alishatoa majibu ndani ya lori. "Amelishwa sumu," aliiambia wodi nzima, "na mpishi ni huyu hapa." Mama Yustina alipika karibu na ua wa hospitali, akaleta uji kwa mgonjwa. Shemeji yake akaupokea mlangoni, akaumwaga kwenye mfereji mbele ya watu. Akapika tena, ukamwagwa tena. Kutoka dirisha letu nilimwona akirudi kuchochea moto kama mtu asiye na habari. Kosa lake la wazi, walivyosema, ni kwamba alikuwa na watoto na mwenzake hana, na kwamba alikuwa mwema mno kwake. Mke mwenza mwema wa nini, kama hana lake jambo? Ukoo ulikuwa umepanga kukaa Jumamosi. Ikithibitika ni sumu, Yustina anafungashiwa virago na watoto wanabaki kwa baba yao.

Siku ya moto ikafika. Sodiamu mia moja thelathini na nane. Potasiamu mbili nukta sita, ndiyo maana miguu ilikuwa imekufa. Kloraidi mia moja kumi na nane. Nikadhani nimezidisha tone, nikarudia, ikaja ileile. Baikaboneti tisa. Nikatoa, Mzee Sangu akatoa, Daktari Lwoga akatoa kwa chaki nyuma ya mlango. Kumi na moja.

"Humu hakuna mgeni," daktari akasema. "Asidi hii haikuletwa na mtu. Magadi yanavuja mahali." Kisha akakuna kichwa. "Lakini kama ni kuhara, kwa nini maji yetu yanamwangusha badala ya kumwinua?"

Akaomba mkojo. Chupa ikaja imejaa hadi shingoni. Niliuchemsha, ukafanya wingu zito la protini. Nikakaa, nikautazama. Mtu aliyehara siku zote hizo, mkavu kama ukuni, hana mkojo wa kugawa kwa ukarimu namna ile. Na protini kiasi kile nilikuwa nimeiona asubuhi hiyohiyo, kwenye chupa ya mama mjamzito aliyevimba miguu. Nikaenda wodini. Mama mwenye miguu iliyovimba alikuwa kitanda cha pili, jirani kabisa na Skola, na aliponiona na chupa akageukia ukutani.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda cha Skola. "Dada, mkojo huu ni wa nani?"

Alihema kwanza. "Wa huyo."

"Umeazima?"

"Mimi sina."

"Huna vipi?"

Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kovu la tumboni, lile alilomwambia daktari kuwa ni la kutolewa mtoto. Akaniambia kwa vipande, kati ya pumzi na pumzi. Kwao ni Ikola, ziwani. Mtoto wake wa kwanza alikaa njiani siku nyingi, akafa, na yeye akabaki anavuja mkojo mchana na usiku. Mume wa kwanza akamrudisha kwao. Mama yake akamzungusha mahospitali mpaka wakafika moja ya mbali, ambako walijaribu kuziba tundu la kibofu wakashindwa. Mwisho wakamfanyia kitu kingine: mirija ile inayotoka kwenye figo wakaielekeza ndani ya utumbo. Toka siku hiyo akawa mkavu. Choo na mkojo vikapita njia moja. Mama yake akamwapisha asimwambie mtu, akamwoza mbali, kwa watu wasiojua habari za Ikola.

"Mume wangu akijua ananirudisha," akasema. "Nilisharudishwa mara moja, dada. Mara ya pili nitakufa njiani."

Mlango ni mmoja. Nilimwambia Daktari Lwoga peke yake, nje, karibu na tangi la maji. Alikaa chini kwenye saruji na suruali yake safi. Halafu akanieleza. Utumbo haukuumbwa kubeba mkojo. Ukikaa nao, unafyonza kloraidi na kuirudisha kwenye damu, na unatoa magadi na potasiamu. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka, akienda chooni mara kwa mara. Akiugua kidogo, akalala sana, mkojo ukakaa, mizani inapinduka. Na sisi juu yake tulikuwa tumemmiminia maji ya chumvi. Nyumbani nako Mama Yustina alikuwa amefanya lilelile. Alifundishwa na bwana afya kwamba anayehara apewe maji ya chumvi na sukari, na toka mwenzake alipoanza kuugua, kila akienda chooni alimkorogea kikombe. Mpishi na hospitali walikuwa wamekosea kosa moja, kwa nia moja njema.

Dripu ikatolewa. Akapewa potasiamu kwanza, magadi baadaye. Daktari alisisitiza mpangilio huo, nanyi ushikeni, maana magadi yakitangulia potasiamu huzidi kushuka na moyo unaweza kusimama. Daktari akamwekea mpira wa kutoa mkojo kwenye utumbo, na wauguzi wakaambiwa ni wa kuhara. Kufikia Ijumaa alikuwa anahema kama mimi na wewe, na aliomba ugali.

Ijumaa hiyohiyo Mzee Lauriani aliingia maabara akiwa na katibu wa hospitali na yule mume mpole nyuma yao. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Mzee Sangu alikuwa amesimama kwenye mashine ya mkono, akaendelea kukoroga.

"Binti," akasema Mzee Lauriani, "tunataka karatasi. Kesho ukoo unakaa. Andika sumu aliyolishwa."

"Hakuna sumu, Mzee."

"Wewe umeolewa?"

"Swali hilo hatulipimi hapa."

Mashine ya Mzee Sangu ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Nikachukua chaki. Niliwaandikia zile namba nyuma ya mlango, nikatoa mbele yao. Nikasema: angekuwa na asidi ya kulishwa, hapa pangebaki ishirini na kitu, thelathini. Pamebaki kumi na moja, kama kwangu, kama kwako wewe Mzee ukinipa mkono nikutoe damu. Akaurudisha mkono nyuma.

Sasa niseme ukweli wa kazi, kwa sababu ninaandikia watu wa kazi. Hesabu ile haisemi kwamba duniani hakuna sumu. Zipo sumu zinazoua bila kugusa pengo. Ilichosema ni kwamba asidi hii haikutoka huko. Uhakika kamili niliupata kwenye kovu la Skola, na hilo sikuweza kulisema. Nilisimama pale na nusu ya ushahidi mkononi na nusu nyingine moyoni, na niliamua kwamba hiyo nusu ya chaki itasimama kwa zote mbili.

"Basi kilichomwangusha ni nini?" akauliza.

"Magadi ya damu yamepungua, chumvi imezidi. Ametibiwa, yuko wodini anakula. Nendeni mkamwone."

"Chumvi nani kampa?"

"Mama Yustina alimpa vikombe. Sisi tulimpa chupa, kupitia mshipani, nyingi kuliko vikombe vyake. Kama huo ni uchawi, Mzee, anzeni kutufukuza sisi, halafu mwende kwa yule bwana afya aliyewafundisha kijijini."

"Na hayo magadi yamepungua kwa nini?"

"Hilo ni la daktari na mgonjwa."

Hapo ndipo katibu alipoingia kati. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. "Dada Leokadia," akasema kwa sauti ya asali, "kwani kuna ubaya gani? Andika tu 'chanzo hakijulikani', mzee aende zake."

Ubaya niliujua. Kwa ukoo unaotafuta mchawi, "hakijulikani" ni jina lake jingine. Ningeandika neno lile, Yustina angelala barabarani Jumamosi hiyo. Nikasema ng'o. Nikasema chanzo kinajulikana, daktari anakijua, mimi ninakijua, na hakuna mkono wa mtu ndani yake. Zaidi ya hapo hawapati, hata wakikaa hapa mpaka treni ifike kwa wakati.

"Nitakuhamisha," akasema katibu, na asali ikawa imeisha. "Utakwenda zahanati ya porini ukapime kinyesi cha nyani. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Mimi Mkatoliki. Nitasubiri nione."

Nikairudisha chaki mahali pake. Mzee Sangu akaacha mpini, akaja akasimama karibu yangu, akaisoma hesabu ya mlangoni kwa sauti kama anasoma waraka wa Mtume Paulo. "Kumi na moja," akamalizia. "Nimeirudia mwenyewe. Mnataka kumhamisha, muwahamishe wawili."

Mzee Lauriani akafungua mdomo. Lakini aliyesema alikuwa yule mume, ambaye nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake. "Kaka," akasema, bado anatazama sakafu, "amesema si sumu. Mimi nimesikia. Kesho nitasema nilivyosikia." Akatoka, akaelekea wodini, na kaka yake akabaki bila mtu wa kumsemea.

Ukoo ulikaa, ukainuka. Yustina hakufukuzwa. Mimi katibu alinihamisha kweli, na zahanati ilikuwa ya porini kweli, lakini nyani hawakuleta sampuli. Nilirudishwa mvua za kwanza zilipoanza, baada ya daktari kulalamika kwamba siku ya moto haina mwenye subira ya kloraidi. Sikuomba radhi kwa mtu, na sikuombwa.

Leo mna mashine inayotema namba zote kabla chai haijapoa. Nimeona sodiamu, kloraidi na baikaboneti zimepangwa kwenye karatasi moja, na karatasi ikapelekwa wodini bila mtu kutoa. Nikiwauliza mnasema daktari atatoa. Nikimuuliza daktari anasema maabara wangetoa. Mlinipa kitenge mkasema nilikuwa mtiifu. Nawaambia kwa kiburi changu chote: toeni. Na mkishatoa, msiruhusu mtu yeyote awashike mkono mwandike anachotaka yeye. Lipo na la tatu, gumu kuliko yote, nalo sikulijifunza kwa Mzee Sangu wala kwa Daktari Lwoga.

Siku Skola aliporuhusiwa, nilikuwa sijaondoka bado kwenda porini. Daktari aliniomba nimpe Mama Yustina maelekezo, kwa kuwa ndiye angempikia. Nikamkuta karibu na ua, anafunga sufuria zake ndani ya kanga. Nikampa kopo la magadi ya hospitali, nikamwelekeza kwa uangalifu mkubwa, nikikwepa kila neno lenye miiba. Kijiko asubuhi na jioni. Chumvi kidogo sana. Maji ya chumvi na sukari asimpe tena. Na mwenzako, nikasema, ni vizuri aende chooni mara kwa mara, hata kama hajisikii, hata usiku.

"Usiku huwa ninamwamsha," akasema.

"Unamwamsha?"

"Nyumba zimekaribiana. Nagonga ukuta, anatoka. Alipougua nikashindwa kumwamsha, akawa analowa. Nguo nazifua kabla watu hawajaamka." Alikaza fundo la kanga kwa meno. "Mwaka wa kwanza tu nilijua, mwanangu. Mtu huwezi kukaa na mwenzako boma moja usijue anavyokwenda choo."

Nikamtazama yule mama ambaye uji wake ulimwagwa mbele ya watu siku nenda siku rudi. Neno moja tu lingetosha kumwokoa.

"Mama, walikuwa wanakufukuza," nikasema. "Mbona hukusema?"

"Mimi wakinifukuza, nina wanangu. Watakua, watanifuata walikonifukuzia." Akaangalia kule Skola alikokuwa anatoka wodini kwa miguu yake, mumewe akimshika kiwiko. "Huyu angefuatwa na nani?"

Akaliweka kopo juu ya mzigo, akajitwisha, akamwita mwenzake waondoke kabla jua halijawa kali.